Meno ya Kukanyagia Barafu

Gurei, Juba
Jumapili jioni

Masika mwanangu,

Saa hizi uko Thongpiny kwa shangazi yako Poni, umekwenda kumuaga, na ninajua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Baba yako anafunga begi lako kwa kamba kana kwamba litarushwa kutoka kwenye ndege. Mimi nimekaa barazani na kalamu. Kesho asubuhi unavuka daraja, unapanda basi la Kampala, na kutoka Kampala unaendelea mpaka Kasese, chini ya milima niliyozaliwa nikiitazama. Mtoto wangu anakwenda kujifunza kuongoza watu kwenye theluji! Tangu tutoke kanisani nimejaribu kuwaza jambo lingine, nimeshindwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kikonzo changu unakisikia nusu, Kibari cha baba yako mimi ndiye ninayekisikia nusu, na Kiarabu cha Juba tunakisema tu, hatukiandiki. Kiswahili ndicho tulichokulia chakula pamoja humu ndani.

Sitakuambia habari za dawa ya malaria, wala kushika simu yako vizuri stendi, wala nani wa kumpigia ukifika mpakani Nimule. Hayo baba yako ameyarudia mpaka mbuzi wa jirani anayajua. Mimi nataka tuzungumze habari za miguu.

Tuanze na jana, kwa sababu jana ndipo nilipojua kwamba uko tayari, na sikukuambia.

Unakumbuka nilivyotoka soko la Sherikat mapema, nikafunga kibanda changu cha viatu wakati wateja bado wanapita. Nilibeba mfuko mweusi kichwani nikicheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu. Ndani yake kulikuwa na zile buti za kahawia. Zilitoka kwenye robota la mitumba zamani, na nilipozishika tu nilizijua: soli nene isiyokunjika, ngozi ngumu, na mfereji nyuma ya kisigino. Ni buti za barafu. Hapa Juba hakuna aliyezitaka. Kijana mmoja wa boda alizivaa, akatembea hatua chache, akazivua. "Mama, hii kiatu iko ngumu kama mbao," akaniambia. "Mimi nataka ya kupiga gia." Nikazificha chini ya meza. Wewe ulikuwa bado hujawaambia watu unataka kwenda milimani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona unavyoangalia zile picha kwenye simu.

Shangazi yako Poni naye alikuwa amekuletea vile viatu vya rangi ya machungwa alivyoachiwa na mgeni mmoja pale kambini anapopika. Vyepesi, vizuri, vinang'aa. Ulivivaa siku nzima, hata kwenda kisimani. Nikakuambia, "Shika ncha na kisigino, ukunje." Ukakunja. Kiatu kikajipinda kama chapati. Nikakuambia hicho ni cha njiani, kitakufaa kwenye mawe makavu, lakini usikifunge meno ya chuma. Kiatu kikikunjika na chuma hakikunjiki, chuma kinatoka.

Ndipo nikateremsha ukutani yale meno yangu ya zamani. Wageni wanayaita kramponi, sisi wapagazi tulisema meno tu. Ulikua ukiyaona pale juu ya kabati na ukiwaambia marafiki zako kwamba ni mtego wa mamba. Tukayafunga kwenye buti za kahawia, ukavaa, ukatoka nje kwenye lile rundo la muramu, udongo mwekundu wa changarawe, waliloliacha watu wa barabara.

Jirani yetu Mama Okello akaacha nyanya zake kwenye meza, akaja mbio. "Masika! Hiyo viatu iko na meno! Iko nakula nini?"

"Inakula mlima, Mama Okello," ukamjibu, ukapanda.

Ulivyopanda! Miguu umeiachanisha vizuri, unakanyaga kwa meno yote, unayasikia yakiuma udongo. Baba yako alitoka na kikombe cha chai mkononi, akasimama akiangalia vumbi lote lile. "Ya jamaa," akasema, "Juba nzima inatafuta kivuli, huyu mama anamfundisha mtoto kutafuta baridi." Lakini nilimwona anatabasamu, na chai ilipoa bila kunywewa.

Kisha ukageuka kushuka, na katikati ukasimama.

"Mama, kisigino kinapanda."

Nikakuambia utavaa soksi mbili. Ukarudi ndani, ukavaa soksi mbili, ukashuka tena. "Bado kinapanda. Na vidole vinagonga mbele."

Sasa sikia nilichokuwa nacho moyoni, maana usoni nilijikaza. Nilizitaka buti zile zikuenee kuliko nilivyowahi kutaka nguo yoyote ikuenee. Nilizilinda. Nilikuwa nimekwisha kukuona ndani yake, juu kabisa, ukiwa na kitu kutoka mkononi mwangu. Nikasema, "Zitajizoeza na mguu." Ukaniangalia, ukasema taratibu, kwa heshima, lakini bila kurudi nyuma: "Mama, hazitajizoeza. Ni kubwa. Nikizivaa nitaanguka."

Ulikaa juu ya muramu ukaanza kufungua kamba. Baba yako alifikiri nimeudhika kwa sababu niliingia ndani. Sikuudhika. Nilikwenda kucheka na kulia kidogo huko jikoni, kwa sababu maneno yako nilikuwa nimekwisha kuyasikia mara moja, kutoka kwa mtu mwingine, mahali pengine. Kisa chenyewe unakijua vipande vipande. Leo nataka ukipate kizima.

Nilipokuwa na umri kama wako nilibeba mizigo huko Rwenzori. Wasichana hatukuwa wengi. Tulipanda na unga, na mafuta ya taa, na mabegi ya wageni, tumevaa gambuti, kwa sababu huko chini ya theluji kuna vinamasi ambavyo ukikosea hatua unazama mpaka gotini. Kwenye tope lile gambuti ndiyo mfalme. Niliwaona wageni wenye viatu vya fahari wamekaa kwenye jiwe wanakamua soksi, na sisi tunapita na gambuti zetu tukiimba. Lakini tulifika kwenye kibanda cha mwisho na kuishia hapo. Barafu ilikuwa juu yetu, nyeupe, karibu kabisa, na mimi nilikuwa naipikia chai tu.

Mwaka mmoja akaja mama wa kigeni mwenye nywele nyeupe, jina lake Inge. Alikuwa amefundisha shule maisha yake yote, na sasa amestaafu na anataka kupanda. Akasema kwa Kiingereza, "Nitafungwa kamba na mwanamke mwenzangu au sipandi." Kiongozi wa msafara alikuwa Thembo, mtu wa kijiji chetu, mkimya, mwenye masharubu. Thembo akanitazama. "Kabugho, unaogopa kitu gani?" akaniuliza. Nikasema naogopa nyoka. "Huko juu hakuna nyoka," akasema, akanipeleka stoo.

Masika, alinijaribisha buti karibu zote zilizokuwa stoo! Nilitaka kuchukua za kwanza, maana niliona haya kumsumbua mtu mzima apige magoti mbele yangu. Hakukubali. Alinipandisha kwenye ngazi, akaniteremsha, akanipandisha, kila mara akiuliza, "Kisigino kinapanda? Vidole vinagonga?" Nilipomwambia hapana, hakuna kinachopanda, akaniuliza tena kama nasema kweli au nataka kwenda kula. Baada ya hapo ndipo alipochukua meno. Akayaingiza kwenye buti kabla ya kufunga mkanda wowote, akainua buti juu, akaitikisa. Meno hayakuanguka. "Sasa tufunge," akasema. Buti kwanza, meno baadaye. Aliyeanza kwa kuchagua meno atatafuta mguu wa kuyafuata.

Akamwomba Inge naye afungue mfuko wake. Inge alikataa kwa kicheko. Alisema kila kitu ni kipya, muuzaji amemhakikishia, na mfuko umefungwa vizuri mno kuufungua. Thembo akamwacha. Yeye ndiye kiongozi na angeweza kusisitiza, lakini yule alikuwa mgeni, mzee, na mwalimu. Nakuambia hili kwa sababu kesho keshokutwa wewe ndiye utakuwa Thembo. Watakuja watu wenye umri wa bibi yako na watakuambia mfuko umefungwa. Wasalimie, wachekeshe, wape chai, kisha waambie wafungue.

Tulifika kibanda cha mwisho. Asubuhi tulipokuwa tunajiandaa, Inge akatoa meno yake. Mazuri sana, ya kisasa, nyuma yana kibano cha kushika kwenye mfereji wa kisigino. Lakini buti zake zilikuwa laini, na mfereji hazina. Akabana, yakatoka. Thembo akabana kwa mikono yake yenye nguvu. Inge alipopiga hatua ya kwanza, yakaruka, yakalia juu ya jiwe. Alikuwa pia na ile minyororo midogo yenye mpira, ya kuvalisha juu ya kiatu. Thembo akaigeuza mkononi. "Hii inafaa njia iliyoganda, mahali ambapo ukiteleza unakaa chini," akamwambia. "Kule juu ukiteleza hukai chini. Unaondoka."

Nikaanza kufungua kamba za buti zangu. Nilifikiri ndiyo kawaida: mgeni amekuja kutoka mbali, mimi nimezaliwa hapa chini, mlima hauhami. Inge akajaribu kuingiza mguu wake, haukupita. Mguu wake ulikuwa mkubwa. Zile za Thembo zikawa kubwa kwake, na hapo Inge akasema yale maneno, kwa Kiswahili chake cha shida: "Kisigino inapanda. Mimi itaanguka."

Alisema mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ametoka upande wa pili wa dunia, ameona theluji iko pale pale, na akasema kweli kuhusu kisigino chake. Nimekutana na watu wengi mashujaa tangu wakati ule, wengine hapa hapa Juba katika siku mbaya tulizozipita. Yule mama aliyevua buti ni mmoja wao.

Alilia. Kisha akapenga kamasi, akanishika mabega, akarudi kwenye Kiingereza chake. "Kabugho, kamba imebebwa mpaka hapa. Isirudi bila kugusa barafu. Nenda wewe. Ukirudi utaniambia kila kitu, na usiruke kitu hata kidogo."

Basi nikaenda. Mimi, mpishi wa chai!

Nikueleze vipi, mama? Hatua ya kwanza juu ya barafu nilifumba macho. Nilisikia krak. Nikafumbua, mguu umesimama. Nikaweka wa pili, krak. Barafu ilinishika kama mtu anavyokushika mkono kukuvusha barabara. Nilicheka kwa sauti, na Thembo mbele yangu akageuka kuona kuna nini. Jua lilikuwa linatoka, na ile nyeupe yote ikawa ya waridi, halafu ya dhahabu, halafu ikawa inaumiza macho. Pua iliuma kwa baridi. Nilikuwa nimefungwa kamba na mtu mmoja tu na nikajiona nimefungwa na dunia nzima. Tulipofika juu, wingu likafunguka upande wa Kongo, likafungika, likafunguka upande wetu, na nikaona chini kule mabati ya mji yakimetameta kama sindano. Nilimwambia Thembo, "Nyumbani ni padogo!" Akasema, "Kunywa maji."

Kushuka ndiko kulikonifundisha. Jua lilikuwa limelainisha theluji, na theluji laini inapenda kujikusanya chini ya buti, kati ya meno, mpaka inakuwa donge. Hapo umevaa meno lakini unakanyagia mpira. Thembo aliniambia kila baada ya hatua chache, "Gonga!" Maana yake nigonge buti kwa mpini wa shoka la barafu ili donge lianguke. Mwanzo niligonga. Baadaye nikaanza kutazama huku na huku, nikifikiria jinsi nitakavyomsimulia Inge, nikatunga hata sentensi ya kwanza. Mguu wa kulia ukaondoka. Sikusikia krak. Nilikaa kwa nguvu, nikaanza kwenda, na barafu ilipita chini yangu kwa kasi ambayo sikuijua.

Thembo alijitupa kifudifudi juu ya shoka lake. Kamba ikakaza, ikanibana kiunoni, nikasimama. Suruali ilichanika kutoka gotini mpaka chini, kwa meno yangu mwenyewe. Nikaanza kucheka, kile kicheko cha hofu. Thembo hakucheka wala hakufoka. Alisubiri mpaka nikanyamaza, akasema kutoka pale alipolala, "Kaa. Pumua. Gonga mguu wa kulia. Gonga wa kushoto. Sasa simama, tushuke." Alisema kwa sauti ile ile aliyoniambia ninywe maji. Mpaka leo, jambo likinizidi, kama ile wiki tuliyoikimbia nyumba hii na wewe mgongoni kwangu, najiambia kwa sauti yake: kaa, pumua, gonga.

Inge alitusubiri nje ya kibanda. Nilimsimulia mpaka chai ikaisha na ikapikwa nyingine. Alitaka kujua rangi, baridi, sauti. Alishika suruali yangu iliyochanika akaicheka mpaka akakohoa. Baadaye sana, nikiwa nimekwisha kuolewa na baba yako na kuhamia huku, Thembo alinipigia simu akaniambia yule mama alirudi. Alikuja na buti nzito, mbaya, za bluu, akafungua mfuko wake mwenyewe bila kuombwa. Alifika juu.

Sasa unaona kwa nini jana nilikimbilia jikoni. Ulikuwa umesimama juu ya rundo la muramu huku Gurei, joto linaunguza, mama yako anakubembeleza, na bado ukasema kisigino kinapanda. Hakuna ninachoweza kukuongezea juu ya hapo.

Basi buti za kahawia zitabaki. Nimekwisha kumwambia yule kijana wa boda azichukue bure, hata kama ni kukata mpira wa soli azibie viatu vingine, akakataa tena. Meno yangu ya zamani nayo yabaki ukutani. Jino moja lilishavunjika, ndiyo maana Thembo alinipa. Nenda na gambuti zako za tope, na vile vya machungwa vya shangazi Poni kwa njia kavu, na soksi za sufu. Za pamba zinakunywa maji. Buti za barafu utajaribishwa huko huko chuoni. Jaribu hata ya kumi kama ya tisa inakudanganya. Usione haya mtu akipiga magoti mbele yako. Ncha za mikanda zitazame nje, zisije zikanaswa na mguu wa pili. Na chini ya meno kuwe na ile plastiki ya kuzuia donge. Wakati wetu hatukuwa nayo, sasa wanasema ipo.

Kuna jambo moja limebaki, na nimelizunguka tangu mwanzo wa barua.

Wiki iliyopita nilimpigia Thembo kumwambia unakuja. Amezeeka, hapandi tena, lakini alifurahi mpaka akaita watu wa nyumbani kwake wasikilize. Nikamuuliza kuhusu njia yetu, pale nilipocheka, pale nilipoteleza. Akasema, "Kabugho, pale sasa ni jiwe. Barafu imerudi juu, inapungua kila mwaka. Mahali tulipotembea na meno wanatembea na viatu, na penye ufa wameweka ngazi."

Nilihuzunika siku mbili, na baba yako aliniuliza kama kuna msiba kwetu. Lakini leo, nikiandika, huzuni imegeuka kitu kingine. Nilikuwa nimejiandaa kukupa mlima wangu. Kumbe haupo tena wa kukupa. Wewe unakwenda kwenye mlima wa kwako, mwamba uliolowa, barafu nyembamba na ngumu juu yake, mahali ambapo hata Thembo hakuwahi kuweka mguu. Mahali pengine utavaa meno, mahali pengine utayavua, na mahali pengine hakuna mtu bado anayejua kipi kinashika. Wewe ndiye utakayejua. Watu watakuuliza wewe. Mimi mwenyewe nitakuuliza.

Kwa hiyo ukishakanyaga, nipigie. Usingoje ufike juu. Ukiishia ukingoni kwa sababu kiatu kimekataa, nipigie vilevile, na utanisikia nashangilia mpaka Mama Okello aache nyanya zake. Nataka kusikia sauti ya hatua yako ya kwanza. Shusha simu karibu na mguu, mwanangu, kisha ukanyage.

Nasikia mlango wa geti, umerudi. Naikunja.

Mama yako anayekupenda,
Kabugho